Kadi ya Picha na Monita Yake: Istilahi Zinazohitaji Kutenganishwa

Mashine za kutafsiri, zikikutana na neno la Kiingereza "resolution" katika maelezo ya monita, mara nyingine hutoa "azimio". Kosa hilo huchekesha, na kwa sababu huchekesha halina madhara makubwa: msomaji aliyekulia katika zama za Azimio la Arusha la mwaka 1967 hulitambua papo hapo. Lenye madhara ni neno "mwonekano", ambalo limekwisha kuzoeleka, na ambalo humfanya afisa wa ugavi aandike katika hati ya zabuni "monita yenye mwonekano wa juu" akidhani amekwisha kueleza anachokihitaji.

Kadi ya picha ni kile kipande cha kompyuta kinachotunga picha na kuipeleka kwenye monita kwa njia ya kebo. Picha yenyewe ni safu za vidoa vidogo sana viitwavyo pikseli. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina vidoa 2,073,600. Lakini hesabu hiyo ni sehemu moja tu ya habari, kwani picha hairushwi mara moja ikaachwa. Huchorwa upya mara nyingi kila sekunde, na kila mara vidoa vyote hivyo hupita katika kebo.

Historia ya mitambo hii yathibitisha jambo hilo. Katika monita za zamani, mwali wa elektroni ulipita juu ya kioo mstari baada ya mstari. Kadi ya rangi ya IBM ya mwaka 1981, yaani CGA, ilichora mistari ipatayo 15,700 kwa sekunde. EGA ya mwaka 1984 iliweza kufikia 21,800. VGA ya mwaka 1987 ikafika 31,500. Monita iliyoundwa kwa kasi moja haikuweza kufuata nyingine. Picha ilisambaratika, na monita yenyewe iliweza hata kuharibika. Ndiyo maana monita za NEC zilizoitwa MultiSync, zilizotokea katikati ya miaka ya 1980, zilipokewa vizuri: ziliweza kujirekebisha kwa kasi mbalimbali. Tena mwaka huohuo wa 1987 IBM ilitoa kadi ya 8514/A yenye pikseli 1024 kwa 768, idadi kubwa kwa wakati ule. Lakini kwa idadi hiyo ilichora mistari kwa kurukaruka, picha nzima ikikamilika mara 43.5 tu kwa sekunde, na kioo kikameremeta na kuchosha macho. Je, "mwonekano" wake ulikuwa wa juu au wa chini? Neno halitujibu.

Siku hizi hakuna kinachoungua, maana monita huieleza kadi mapema inavyoweza kupokea. Hasara imekuwa ya kimyakimya. Picha ya pikseli 3840 kwa 2160, ikichorwa mara 60 kwa sekunde kwa rangi za biti 24, huhitaji biti zinazokaribia bilioni 12 kila sekunde. Tundu la HDMI 1.4, la mwaka 2009, hupitisha biti za picha zipatazo bilioni 8. Basi kadi hushuka yenyewe hadi mara 30, mshale wa kipanya hujikokota, na ofisi iliyolipia monita ya bei kubwa hudhani kompyuta ni mbovu.

Kwa hiyo tunapendekeza dhana hizi zitenganishwe. *Idadi ya pikseli* iwe kwa upana na kimo cha picha. *Msongamano wa pikseli* uwe kwa vidoa katika kila inchi; picha ileile ya 1920 kwa 1080 ina vidoa 92 hivi kwa inchi katika monita ya inchi 24, na 141 katika ile ya inchi 15.6. *Kasi ya kuchora upya* iwe kwa mara ngapi kwa sekunde. "Mwonekano" ubaki kwa kile jicho linachokiona.

Wako wanaopenda "nukta" badala ya "pikseli". Neno ni letu na ni zuri, ila tayari ni alama ya uandishi, na katika matumizi ya zamani ni sekunde pia. Sijui nani angependa kusoma habari za nukta milioni mbili kwa nukta. "Kiwambo", kutokana na kitenzi *wamba*, lafaa kwa ule uso unaoonyesha picha, na "monita" kwa chombo kizima.

Hati ya zabuni sasa yaweza kuandikwa hivi: "Monita ya inchi 27, pikseli 3840 kwa 2160, kasi ya kuchora upya mara 60 kwa sekunde kwa idadi hiyo ya pikseli, tundu la HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2." Kadi za kompyuta zilizopo ofisini nazo zikaguliwe kwa maneno hayohayo kabla ya hati kutiwa sahihi.