Mtetemo wa Land Cruiser Kuukuu Unatoka Wapi?

Land Cruiser ya miaka ya 90 ikianza kutetemeka ifikapo kilomita 80 kwa saa, fundi wa kwanza atakwambia ni matairi. Wa pili atasema ni krosi ya propela. Wa tatu atakutajia maunti za injini. Kila kimoja kina bei yake dukani, na wenye magari wengi huishia kununua vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka mtetemo ukome au fedha ziishe. Upotevu huu unaniuma, maana chanzo cha mtetemo mara nyingi hujulikana barabarani kabla hata spana haijatolewa kwenye boksi.

Swali la kujiuliza ni hili: mtetemo unafuata nini? Chukua Land Cruiser 75 yenye injini ya 1HZ, matairi ya 7.50R16 na difu yenye uwiano wa karibu 4.1. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Propela iko kabla ya difu, kwa hiyo inazunguka zaidi ya mara nne ya hapo: kama mara 37 kwa sekunde. Ndiyo maana tairi lisilo na balansi au rimu iliyopinda hutoa mtikisiko mzito, wa kuyumbisha usukani au kiti, ambao karibu unaweza kuuhesabu. Propela mbovu hutoa mvumo. Mvumo huo huingia miguuni kutoka sakafuni, na kioo cha ndani kinatetemeka hadi gari lililo nyuma yako halionekani sawasawa.

Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na magari mengi. Shikilia mwendo ule ambao mtetemo ni mkali, kisha badilisha gia bila kubadilisha mwendo. Mtetemo ukibaki vilevile, injini haimo. Ukibadilika pamoja na mlio wa injini, kagua maunti na klachi. Hapa kuna mtego mmoja. Katika Land Cruiser hiyo, gia ya nne ni ya moja kwa moja, yaani injini na propela huzunguka kwa kasi ileile, na ukiwa ndani ya gia hiyo huwezi kutofautisha kipi ni kipi. Pima kwa gia ya tano.

Halafu sikiliza mguu wako wa kulia. Mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiyaachia unaonyesha kuna kitu kinachosogea kikibeba mzigo: krosi iliyolika, beringi ya pinioni, bushi za springi, au yubolti zilizolegea hata pua ya difu inanyanyuka kila injini inapovuta. Yubolti hukazwa kwa dakika chache, lakini ndizo husahaulika zaidi.

Kama gari lako lina loki kwenye habu za mbele, una kipimo cha bure. Transifa ikiwa kwenye magurudumu mawili na habu zikiwa wazi, propela ya mbele haizunguki. Endesha hivyo, kisha simama, funga habu, urudie mwendo uleule bila kugusa transifa. Mtetemo ukijitokeza sasa tu, umeupata upande wa mbele.

Krosi ndiyo inayostahili muda zaidi. Fundi huingia chini ya gari, anaishika propela, anaitikisa, na asipoona mchezo anasema nzima. Kipimo hicho ni nusu tu. Krosi huharibika kwa namna mbili: hulegea, au hukauka ikawa ngumu. Ile ngumu haina mchezo hata kidogo, lakini haikunjiki kwa ulaini, kwa hiyo inaisukuma propela pembeni kila inapozunguka. Dalili ya nje ni vumbi la rangi ya kutu pembezoni mwa vikombe vyake, na pengine mlio wa chwi-chwi gari likianza kuondoka taratibu. Uhakika unapatikana propela ikiwa imefunguliwa. Ikunje krosi kwa mkono pande zote mbili. Inatakiwa iteleze bila kukwama popote. Ikijikwaa pale katikati, kana kwamba kuna kijishimo, sindano za beringi zimeshachimba njia zao. Hakuna grisi itakayoirudisha.

Kabla ya kuifungua, piga alama kwa chaki au patasi kwenye flanji na pale propela inapoingiliana. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe haitoi mzunguko wa kasi moja: huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hufuta kasoro hiyo, ila kwa sharti kwamba uma za pande mbili zimelingana na pembe zake ni sawa. Ukiiunganisha propela jino moja au mawili pembeni, gari lililokuwa na krosi mbovu litatoka gereji na krosi mpya na mtetemo mbaya zaidi. Ndivyo inavyokuwa pia kwa gari lililonyanyuliwa springi bila kurekebisha pembe za difu.

Wenye Land Rover 110 na Defender za zamani wana jambo lao. Magari hayo huvuta magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo propela zote mbili huzunguka daima. Unaweza kutoa moja, ukafunga difu ya kati, na kuendesha umbali mfupi kwa ile iliyobaki ili kujua yenye kosa. Lakini breki ya mkono ya Land Rover hizo hushika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Propela hiyo ikitolewa usiitegemee breki ya mkono kabisa. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu kabla hujalala chini ya gari.

Wakati wa mvua, kabla ya yote haya, chungulia ndani ya rimu. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukigandamana upande mmoja na kukauka hutikisa gari zima, na dawa yake ni maji na kijiti.

Krosi iliyotoa vumbi la kutu ibadilishwe kabla ya safari. Ikikatika mwendoni, propela huanguka upande mmoja, na ikiwa ni ule ulioelekea mbele, ncha yake inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari. Waliomo ndani hawana la kufanya.