Hama, Hamia, Hamishwa: Kitenzi na Makazi Jijini Dar es Salaam

Kitenzi *hama* huonekana chepesi, lakini minyambuliko yake hubainisha mahusiano mazito ya kijamii. Jijini Dar es Salaam, mpangaji huhama kwa sababu zinazofahamika: kodi imepanda, nyumba imeuzwa, au familia imeongezeka hata chumba kimoja hakitoshi tena. Aghalabu dalali ndiye humtafutia chumba kingine, naye hudai malipo yanayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Hapa mtenda ni mkazi mwenyewe.

Kauli ya kutendea, *hamia*, huelekeza fikra kule aendako. Asemwapo mtu kwamba “amehamia kwake”, hueleweka kuwa amejenga. Neno *kwake* humtofautisha na mpangaji.

Hali ni tofauti katika *hamishwa*. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali iliwahamishia Mabwepande baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi. Viwanja walipewa, lakini riziki zao zilibaki mjini. Hivyo wapo waliorejea bondeni. Kisarufi, *hamishwa* humwondolea mkazi nafasi ya mtenda. Kwa kurejea, wakazi hao waliitwaa tena nafasi hiyo, pamoja na hatari zake.