Sura ya 5: Bomba Kwanza, Waya Baadaye

Ofisi ya wakala wa forodha pale mpakani Kasumulu, kata ya Njisi wilayani Kyela, haina makubwa: kompyuta chache, printa, kamera mlangoni. Lakini Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeshafika mpakani hapo, na kasi ya intaneti inayotoka nje itazidi kupanda. Kitakachoirudisha nyuma ni waya uliofukiwa ukutani.

Waya wenyewe si ghali. Ghali ni kutindua ukuta, kupiga lipu upya, kupaka rangi, na siku nzima ya kazi kusimama huku madereva wa malori wanasubiri nyaraka. Kwa hiyo mwenye ofisi aanze na bomba. Liwe pana, lisijazwe hata nusu, kona zake zisiwe kali, na ndani iachwe kamba ya kuvutia. Siku ya kubadilisha, fundi atafunga waya mpya kwenye kamba na kuvuta, ukuta usiguswe.

Sasa daraja la waya wa mtandao: Cat 5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat 6 hufikisha gigabiti 10, ila kwa mita 55 tu hivi, na Cat 6A huzifikisha mita zote 100. Cat 6A ni nene na ngumu kukunja. Kwa ofisi ya vyumba vitatu vinne sioni sababu ya kuilipia. Cat 6 inatosha kwa miaka mingi.

Nisichokubali ni alumini iliyopakwa shaba. Inauzwa bei ya kuvutia, na ubavuni imeandikwa Cat 6 vilevile. Menya kipande, kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha dukani. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, na leo kamera na visambaza Wi-Fi hupata umeme kupitia waya huohuo. Kiwango cha 2018 cha kupitisha umeme kwenye waya wa mtandao kinaruhusu hadi wati 90. Waya dhaifu utapata joto na kamera itazimika-zimika. Tena nyuzi zake hukatika upesi fundi anapofunga kichwa.

Kutoka jengo hadi jengo, shaba isivutwe kabisa. Kyela ni nchi ya mvua nyingi na radi, na radi ikipiga jirani umeme husafiri kwenye shaba hadi ndani ya swichi. Tumia faiba ya singomodi isiyo na chuma ndani. Uzi uleule unaobeba gigabiti 1 leo utabeba 10 au 100 kwa kubadilisha vifaa vya nchani tu. Vuta nyuzi nne hata kama unatumia mbili, na bomba la ardhini lizibwe ncha zote kabla ya masika.