Nani Anakuchungulia Unaposoma?

Kijana mwenzetu, hebu fikiri hivi. Ni saa tano usiku, nyumbani wote wamelala. Siku ya tatu sasa unasikia maumivu ukikojoa, na leo umeona usaha. Kumwambia mama huwezi. Kumwambia kaka ndiyo kabisa, atakucheka mpaka Idi. Basi unajifunika shuka, unawasha simu, unaanza kuandika swali lako. Mara kidole kinasita. Unajiuliza: hivi kuna mtu anaona ninachoandika?

Usijione mjinga kwa kuuliza hivyo. Ni swali la maana sana. Wako watakaokuambia, "Serikali inaona kila kitu, bwana, acha kabisa!" Wako watakaokuambia, "Nani ana muda na wewe?" Wote wawili hawajakosea sana, lakini hawajapatia pia. Soma hapa uelewe mwenyewe.

SWALI LAKO LINAPITA WAPI?

Si unajua barua inavyosafiri? Ukiandika kwenye kadi isiyo na bahasha, kila anayeishika anaweza kuisoma. Ukiitia kwenye bahasha, wa posta anasoma anwani tu. Haoni ulichoandika, lakini anajua umemwandikia nani na siku gani.

Intaneti ni hivyo hivyo. Swali lako linaacha alama sehemu tatu.

Ya kwanza ni simu yenyewe. Inatunza orodha ya kurasa ulizofungua. Yeyote atakayeishika ikiwa wazi ataiona.

Ya pili ni kampuni ya simu unayonunua bando kwake. Ukurasa ukiwa na alama ya kufuli, au anwani yake ikianza na https, ujue umetiwa kwenye bahasha. Kampuni inaona jina la tovuti uliyokwenda na saa uliyokwenda. Haioni ukurasa gani ulisoma wala maneno uliyoandika. Lakini jina tu linaweza kusema mengi. Tovuti ikiwa ni ya mambo ya VVU peke yake, anayeona jina atakisia yaliyobaki. Na kumbuka, laini yako imesajiliwa kwa jina lako. Tanzania usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019.

Ya tatu ni tovuti yenyewe, au kampuni uliyoiuliza swali. Hao ndio wanaofungua bahasha, kwa hiyo wanasoma kila neno. Wengi wao wanaandika kwenye daftari lao na kulitunza.

SASA SERIKALI INAINGIAJE?

Watu wengi wanafikiri kuna afisa amekaa mahali anakodolea macho skrini yako. Si hivyo. Mara nyingi serikali haihitaji kukuchungulia wewe. Inakwenda kwa wenye madaftari.

Inaweza kwenda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuulizia mtu mmoja. Kwa mfano, polisi wanamtafuta tapeli, wanadai kumbukumbu zake. Njia ya pili ni kukusanya za watu wote kwa pamoja, wenye kosa na wasio na kosa, ziwekwe tu, huenda zikahitajika kesho. Hiyo ya pili ndiyo iliyoleta kelele duniani.

Juni 2013, kijana mmoja wa Marekani, Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi za shirika la ujasusi la NSA kupitia kampuni binafsi, aliwapa waandishi wa habari nyaraka za siri. Ya kwanza kutangazwa ilikuwa amri ya mahakama iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon kutoa kila siku kumbukumbu za simu za wateja wake: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Nyaraka nyingine zilieleza mpango ulioitwa PRISM, wa kupata taarifa za watu kutoka kampuni kubwa kama Google, Facebook, Microsoft na Yahoo.

Utasema, "Hayo ya Marekani, sisi yanatuhusu nini?" Ngoja. Mei 2014 chombo cha habari cha The Intercept kiliripoti, kwa kutumia nyaraka hizo hizo, kwamba NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za Kenya pia. Na fikiri: ukimwuliza Google swali, daftari lake haliko Tandika wala Kisumu. Liko kwa wenyewe, chini ya sheria za wenyewe.

Marekani ilibadilisha sheria yake Juni 2015 ikaacha kukusanya kumbukumbu za simu za watu wake wote kwa jumla. Lakini Uingereza mwaka 2016 ilipitisha sheria inayoruhusu serikali kuziamuru kampuni zitunze, hadi miezi 12, orodha ya huduma na tovuti ambazo kila mteja ameunganishwa nazo. Na huku kwetu, kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe kufunga kamera za kurekodi yanayofanyika ndani.

"KWANI NINA NINI CHA KUFICHA?"

Hili ndilo jibu la wengi. "Mimi si mwizi, si gaidi, wacha waangalie." Lakini siri si lazima iwe kosa. Unapokwenda chooni unafunga mlango. Kwani umeiba?

Chukua mfano huu. Mtu hakusikia neno hata moja ulilosema kwenye simu. Anajua tu kwamba Jumatatu asubuhi ulipigia kliniki ya VVU, ukaongea dakika kumi, halafu ukampigia dada yako, mkaongea saa nzima. Je, anahitaji kusikia zaidi?

Sasa sikia jambo lililotokea kweli. Februari 2015, rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza viongozi wa serikali katika kaunti wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na za walezi wao, na za wajawazito na mama wanaonyonyesha wenye VVU. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kupanga huduma. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi ya mtoto wa darasa la sita ambaye jina lake limo kwenye orodha inayopita ofisi hadi ofisi. Watu wanaoishi na VVU na mashirika ya haki walikwenda mahakamani. Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba, kwa sababu liligusa haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Ikaagiza taarifa zile zihifadhiwe kwa namna ambayo jina la mtu halitaunganishwa na hali yake ya VVU.

Umeona? Hata nia ikiwa njema, orodha yenyewe inaweza kuumiza. Na aliyeandikwa hakuwa na kosa lolote.

HOFU NAYO NI UGONJWA

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani kwa macho. Mtu akijua anaangaliwa, anaacha kuuliza. Mwaka 2016 mtafiti Jonathon Penney alichapisha uchunguzi wake kuhusu kamusi elezo ya Wikipedia. Aliona kwamba baada ya habari za Snowden za Juni 2013, watu waliosoma kurasa zinazohusu mambo ya ugaidi walipungua. Kusoma kurasa hizo si kosa, ni kujielimisha tu. Lakini watu waliingiwa na woga, wakaacha.

Sasa fikiri woga huo ukiingia kwenye afya. Kijana anaogopa kusoma kuhusu kondomu. Msichana anaogopa kuuliza kuhusu siku zake zilizopita. Mvulana mwenye usaha anazima simu, anakwenda kununua vidonge dukani kwa kubahatisha. Serikali haikumfanya kitu. Hofu peke yake imetosha kumwumiza.

JE, SERIKALI HAINA HAKI KABISA?

Tuseme ukweli. Wapo wanaotumia mtandao kuwaharibu watoto. Wapo wanaotishia wasichana kusambaza picha zao. Wapo matapeli wa pesa za simu. Ukitendewa hivyo, wewe mwenyewe utataka polisi wamfuate mhusika mpaka wamkamate. Hapo kumbukumbu zinasaidia.

Kwa hiyo usiishie kuuliza "wachunguze au wasichunguze?" Uliza hivi: wanamchunguza nani, kwa sababu gani, nani ametoa kibali, taarifa zitatunzwa muda gani, na nikionewa nitamlalamikia nani? Penye majibu mazuri pana ulinzi. Pasipo na majibu, hata mwema anaweza kuonewa.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania: Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya kupokea malalamiko.

Kenya: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 31, inalinda faragha. Sheria ya kulinda data ilipitishwa Novemba 2019.

Sheria zote mbili zinahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini usidanganyike, zote zina milango ya kutokea: mambo ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa yamewekewa nafasi yake.

UFANYE NINI BASI?

Anza na walio karibu. Kwa vijana wengi, atakayeona simu yako kwanza si serikali. Ni kaka, mpenzi, au fundi wa simu. Weka neno la siri, na usimpe mtu.

Futa historia ukishasoma, au tumia hali fiche. Lakini uielewe vizuri: hali fiche inamficha aliye nyumbani tu. Kampuni ya simu na tovuti bado wanakuona. Mwaka 2024, kumaliza kesi huko Marekani, Google ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watu waliokuwa wakitumia hali hiyo wakidhani hawaonekani.

Tazama kufuli. Tovuti isiyo na https ni kadi isiyo na bahasha. Usiandike mambo yako humo.

Kwenye intaneti kafe au simu ya kuazima, toka kwenye akaunti zako kabla hujaondoka. Usiache mlango wazi.

Kuhusu VPN: inaizuia kampuni ya simu isione unakokwenda, lakini mwenye VPN ndiye anaona badala yake. Umebadilisha posta tu. Tena za bure nyingine ndizo zinazouza siri zako. Fahamu pia kwamba Tanzania, Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano iliwataka wanaotumia VPN wajitambulishe kwake. Jua sheria ya nchi yako kabla ya kufuata ya rafiki.

WhatsApp tangu 2016 inafunga ujumbe, asome anayetuma na anayepokea tu. Lakini nani kaongea na nani, saa ngapi, hilo kampuni inalijua. Na rafiki akipiga picha ya skrini, hakuna kufuli litakalokusaidia.

JIPIME

1. Hali fiche inaificha kampuni ya simu isijue tovuti unayokwenda. Kweli au si kweli?
2. Kwenye tovuti yenye kufuli, kampuni ya simu haisomi maneno uliyoandika. Kweli au si kweli?
3. Mtu asiye na kosa hahitaji faragha. Kweli au si kweli?

Majibu: 1. Si kweli. 2. Kweli. 3. Si kweli. Ukikosa namba 3, rudi usome habari ya wale watoto wa Kenya.

TURUDI CHINI YA SHUKA

Sasa wewe wa saa tano usiku, uandike au usiandike? Andika. Tazama kufuli, uliza, soma, ukimaliza futa. Kusoma kuhusu mwili wako si kosa.

Ila usiishie kwenye simu. Maumivu ya kukojoa pamoja na usaha mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa zinaa, kama kisonono, na kisonono kinatibika. Ukichelewa kinaweza kuharibu uzazi. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya. Mwenzi wako naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana tena. Mwulize mhudumu bila aibu, "Dada, haya nitakayokuambia anayajua nani?" Una haki ya kujibiwa, na yeye ana wajibu wa kutunza siri yako.

Siri yako ilinde. Lakini usikubali kulinda siri kukunyime dawa.