Kushea mafaili nyumbani bila kugusa bando

Video ya harusi yenye uzito wa gigabaiti 4 iko kwenye kompyuta ya sebuleni, na inatakiwa kwenye laptopu iliyoko chumbani. Katika nyumba nyingi itapandishwa kwanza Google Drive, kisha ishushwe upande wa pili. Gigabaiti 8 za bando zimeondoka ili faili livuke ukuta mmoja. Wengine hutumia flashi, mara nyingi ileile iliyotoka steshenari asubuhi na virusi vyake. Yote mawili hayana ulazima.

Kompyuta zilizoungana na ruta moja tayari ziko kwenye mtandao mmoja. Ruta huipa kila kompyuta anwani ya ndani, mara nyingi yenye kuanza na 192.168, ambayo ni miongoni mwa anwani zilizotengwa kwa mitandao ya ndani tu. Faili likitumwa kwa anwani hiyo hupita kwenye ruta na kuishia humohumo ndani. Kampuni ya simu hailioni wala hailitozi. Bando likiisha, kazi inaendelea. Usiye na ruta unaweza kutumia hotspoti ya simu. Simu nyingi za Android hukubali kuwasha hotspoti huku data imezimwa, na laptopu mbili zikiingia humo huwa zinaonana.

Sasa tuje kwenye Windows, maana ndiko watu wengi wanakokwama. Kwenye kompyuta yenye mafaili, fungua mipangilio ya mtandao uangalie kama Wi-Fi yako imewekwa "Public" au "Private". Ikiwa "Public", Windows huchukulia kwamba uko mgahawani au uwanja wa ndege, hivyo huificha kompyuta yako kwa wengine. Hilo ni jema ukiwa huko. Nyumbani chagua "Private", kisha ruhusu kompyuta ionekane na ishee mafaili. Nimeona watu wakihangaika na folda kutwa nzima, kumbe tatizo lilikuwa hapa.

Tengeneza folda moja maalumu, tuseme Harusi. Bofya kitufe cha kulia cha mausi, ingia "Properties", halafu "Sharing", uchague nani aione na kama anaweza kubadilisha kitu au kusoma tu. Usishee diski C nzima. Kisha, kwenye laptopu, andika juu kabisa ya dirisha la mafaili jina la kompyuta na la folda, kwa mfano \\SEBULENI\Harusi. Jina hutumika vizuri kuliko namba za anwani, kwa kuwa ruta inaweza kuzibadilisha namba hizo wakati wowote.

Hapo Windows itakuuliza jina la mtumiaji na nenosiri, na wengi huandika PIN wanayofungulia kompyuta kila siku. Itakataliwa. PIN hufanya kazi kwenye kompyuta ilikowekwa tu. Mtandaoni linatakiwa nenosiri lenyewe la akaunti iliyoko kwenye kompyuta ya sebuleni. Na akaunti isiyo na nenosiri kabisa, kwa kawaida Windows haiiruhusu kuingia kupitia mtandao. Njia nyepesi ni kuunda hapo akaunti ya pembeni, yenye nenosiri zuri, kwa kazi hii peke yake.

Ikiwa folda inafunguka lakini haikubali kuhifadhi, kagua pia sehemu ya "Security". Ruhusa ziko mbili, ya "Sharing" na ya "Security", na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda.

Mac na Linux nazo zimo. Desemba 1991, Andrew Tridgell wa Australia alianza kuandika programu iliyokuja kuitwa Samba, ambayo huiwezesha Linux kuzungumza lugha ambayo Windows huitumia kushea mafaili, yaani SMB.

Kuhusu kasi, waya hushinda Wi-Fi kwa uhakika. Ruta yenye matundu ya megabiti 100 huhamisha gigabaiti 4 kwa takriban dakika 6.

Utashauriwa uzime nenosiri ili mambo yaende haraka, au uwashe SMB1, toleo la zamani la SMB, ili kompyuta ya zamani ionekane. Nakusihi usifanye lolote kati ya hayo. Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilisambaa kupitia udhaifu uliokuwa kwenye SMB1, ikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Dawa Microsoft ilikwisha kuitoa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakuwa wameiweka. Kwenye ruta pia, usifungue mlango namba 445 kuelekea intaneti. Ukitaka mafaili ya nyumbani ukiwa safarini, pitia VPN.