Wanawake wa Uingereza walivyoingia Bungeni: safari ya orodha tatu



Katika mikutano ya amani swali moja hurudi mara kwa mara. Kwa nini akina mama huhesabiwa wakati wa kugawa chakula, lakini hawaitwi wakati wa kuamua? Wengine hujibu kwamba hiyo ndiyo mila yetu, na kwamba habari ya mwanamke kuongoza ni jambo la Wazungu. Katika toleo hili tunaeleza jinsi mambo yalivyokuwa huko Uingereza, nchi ambayo bunge lake ni kati ya yale ya zamani sana duniani. Tutaona kwamba huko pia mwanamke alizuiwa, tena kwa sheria iliyoandikwa. Haki yake haikuletwa na mila, wala hakupewa kama zawadi. Ilipatikana kwa kazi ya miaka mingi, na kila hatua ilitegemea jambo moja: ni nani ameandikwa kwenye orodha, na ni nani ameachwa nje.

Kusikiliza kutoka darini

Tangu mwaka 1778 wanawake walikatazwa kukaa katika sehemu ya wasikilizaji ndani ya Bunge la Uingereza. Wachache waliotaka kujua yanayosemwa walipanda darini, wakainama kuzunguka tundu la kutolea hewa ya moto na moshi wa mishumaa, wakasikiliza kutoka huko. Jengo hilo liliungua mwaka 1834. Katika jengo jipya wanawake walipewa chumba chao cha juu, lakini mbele yake pakawekwa wavu mzito wa shaba ili wabunge wasiwaone. Wavu huo uliondolewa mwaka 1917 tu.

Mwaka 1832 bunge lilipitisha sheria kubwa ya uchaguzi iliyoongeza idadi ya wapiga kura. Sheria hiyo ndiyo ya kwanza kutamka wazi kwamba mpiga kura wa bunge ni mtu wa kiume. Mwaka huohuo mwanamke mmoja mwenye mali, Mary Smith, alipeleka ombi bungeni. Alisema kwamba yeye analipa kodi kama mwanamume, kwa hiyo anastahili kupiga kura kama mwanamume. Wabunge walicheka, na jambo likaishia hapo.

Orodha ya kwanza: majina ya walioomba

Mwaka 1866 wanawake walirudi, safari hii wakiwa wengi. Kikundi kidogo mjini London kilikusanya sahihi karibu 1,500 katika muda wa wiki chache. Tarehe 7 Juni 1866 wanawake wawili, Emily Davies na Elizabeth Garrett, walibeba karatasi hizo hadi kwenye jengo la bunge ili kumkabidhi mbunge John Stuart Mill aliyekubali kuwasemea. Inasimuliwa kwamba waliona aibu kwa ukubwa wa mzigo wao, wakamwomba mama muuza matofaa aufiche chini ya meza yake mpaka mbunge afike.

Mwaka uliofuata Mill aliwaomba wabunge wabadilishe neno moja katika sheria: mahali palipoandikwa "mwanamume" paandikwe "mtu". Wabunge 73 walikubali na 196 walikataa. Ombi lilishindwa, lakini sasa palikuwa na hesabu. Kila mmoja aliweza kuona nani yuko upande gani, na ni wangapi wanaobaki kushawishiwa.

Wakati huo wanawake hawakukaa wakisubiri bunge. Walianzia chini. Kuanzia mwaka 1869 baadhi ya wanawake waliolipa kodi waliruhusiwa kupiga kura katika mabaraza ya miji. Mwaka 1870 iliundwa mabaraza ya shule, na mwanamke aliweza kuchaguliwa humo. Davies na Garrett, walewale waliobeba karatasi, walichaguliwa London mwaka huohuo. Tangu 1894 wanawake, hata walioolewa, waliingia katika mabaraza ya vijiji na ya wilaya. Mwaka 1907 sheria iliwafungulia mabaraza makubwa ya miji na majimbo. Watu walizoea kumwona mama akisimamia shule, maji na matunzo ya maskini. Hivyo hoja ya kwamba hawezi kuongoza ilipungua nguvu.

Njia mbili, na ubishi uliobaki

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake hao waligawanyika. Muungano mkubwa ulioanzishwa mwaka 1897 uliongozwa na Millicent Fawcett. Huo ulifuata njia ya amani: mikutano, maandamano, barua kwa wabunge. Mwaka 1903, katika mji wa Manchester, Emmeline Pankhurst na wenzake walianzisha umoja mwingine, kwa sababu walichoka kusubiri. Hao walikatiza mikutano ya wanasiasa na kuvunja vioo, na baadaye wengine wao wakachoma nyumba tupu. Zaidi ya wanawake 1,000 walifungwa gerezani. Waliogoma kula walilishwa kwa nguvu kwa mipira ya kupitishwa puani au kooni. Mwaka 1913 mmoja wao, Emily Wilding Davison, alikufa baada ya kugongwa na farasi wa mfalme katika mashindano ya mbio.

Je, ni njia ipi iliyoleta ushindi? Wataalamu wa historia wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema kwamba bila kelele serikali isingesikia. Wengine wanasema kwamba moto na vioo vilivyovunjwa viliwapa wapinzani kisingizio, na wabunge waliokuwa marafiki wakarudi nyuma. Jambo lisilobishaniwa ni hili: hadi vita vilipoanza mwaka 1914 sheria ilikuwa haijapita, na muungano wa Fawcett ulikuwa na vikundi katika mamia ya miji, tayari kufanya kazi siku mlango utakapofunguka.

Orodha ya pili: wapiga kura

Mlango huo ulifunguliwa na jambo ambalo wasomaji wetu waliohama makwao watalielewa upesi. Kabla ya vita, mwanamume wa Uingereza aliandikwa kuwa mpiga kura ikiwa alikaa mahali pamoja muda wa miezi 12. Hata hivyo karibu wanaume 4 kati ya 10 hawakuwa na kura. Vita vilipokuja, mamilioni ya wanaume walitoka makwao. Askari walikuwa mbali katika medani za vita, na wafanyakazi walihamia miji yenye viwanda vya silaha. Kwa sheria ya zamani watu hao wangepoteza kura kwa sababu tu vita vimewahamisha.

Serikali ililazimika kurekebisha orodha. Mwezi Mei 1916 Fawcett alimwandikia waziri mkuu: kama mnafungua sheria hii kwa ajili ya wanaume, basi wanawake nao wafikiriwe. Wakati huo akina mama walikuwa viwandani, mashambani, hospitalini na kwenye magari ya abiria, na nchi nzima iliona. Tarehe 19 Juni 1917 wabunge 385 walikubali na 55 walikataa. Tarehe 6 Februari 1918 sheria ikakamilika.

Lakini haikuwa haki kamili. Wanaume walipewa kura wakiwa na miaka 21. Wanawake walitakiwa kuwa na miaka 30, tena wawe na nyumba au mali, au waume wao wawe nazo, au wawe wamesoma chuo kikuu. Wanaume wengi walikuwa wamekufa vitani, na wabunge waliogopa kwamba wanawake wangekuwa wengi kuliko wapiga kura wa kiume. Karibu wanawake milioni 8.4 waliandikwa, lakini wasichana wengi waliotengeneza risasi viwandani waliachwa nje. Ilibidi kungoja hadi tarehe 2 Julai 1928 ndipo wanawake walipopata kura kwa umri sawa na wanaume. Siku hiyo mama Fawcett alikuwapo bungeni. Alikuwapo pia mwaka 1867 akisikiliza hotuba ya Mill. Ilikuwa imepita miaka 61.

Orodha ya tatu: wagombea

Mwishoni mwa mwaka 1918 wanawake waliruhusiwa pia kugombea ubunge. Wanawake 17 walisimama na mmoja tu akashinda, Constance Markievicz wa Ireland. Alikuwa gerezani, na chama chake kilikataa kuketi katika bunge la London. Mwanamke wa kwanza kuketi humo alikuwa Nancy Astor, mwezi Desemba 1919. Karibu miaka miwili alikuwa peke yake kati ya wanaume mamia.

Wengi walidhani kwamba sasa wanawake wangejaa bungeni. Haikuwa hivyo. Mwaka 1979 Margaret Thatcher alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu, lakini katika uchaguzi huohuo wanawake walioshinda walikuwa 19 kati ya wabunge 635. Kiongozi mmoja juu hakubadilisha hali ya wengine. Sababu ilikuwa ndani ya vyama: mara nyingi mwanamke aliwekwa kugombea mahali ambapo chama chake hakina nguvu.

Mwaka 1993 chama cha Labour kiliamua kwamba katika nusu ya majimbo ambayo kilitegemea kuyanyakua, wanachama wachague mgombea wao kati ya wanawake tu. Palikuwa na ugomvi mkubwa, na mwaka 1996 mahakama ya kazi iliukataa utaratibu huo, lakini waliokwisha kuchaguliwa walibaki. Katika uchaguzi wa 1997 wanawake walifika 120, wakati mwaka 1992 walikuwa 60. Mwaka 2002 sheria ilibadilishwa ili kuruhusu vyama kufanya hivyo. Mwaka 2024 walichaguliwa wanawake 263 kati ya wabunge 650.

Hatari nayo haijaisha. Mwezi Juni 2016 mbunge Jo Cox, aliyewatetea wakimbizi wa Syria, aliuawa barabarani katika jimbo lake.

Walifanya nini ndani?

Tutoe mfano mmoja tu. Eleanor Rathbone aliingia bungeni mwaka 1929, bila chama. Kwa miaka mingi alidai serikali isaidie familia zenye watoto. Mwaka 1945 sheria ilipokaribia, serikali ilipanga pesa hizo ziwe za baba. Rathbone alipinga kwa nguvu, na wabunge wakakubali apewe mama: shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza. Katika miaka ya 1930 aliunda pia kamati ya wabunge ya kutetea wakimbizi, na akasumbua mawaziri bila kuchoka kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Hispania na mateso ya Ujerumani.

Nasi je?

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya 14, inasema kwamba mwanamke ana haki ya kuwakilishwa katika vyombo vya taifa, vya jimbo na vya mitaa. Lakini maandishi peke yake hayatoshi, kama Waingereza walivyoona baada ya 1918. Na kuhama nako kunaumiza: katika uchaguzi wa Desemba 2023, vita viliwazuia watu wa Masisi na Rutshuru kupiga kura makwao. Kwa hiyo tuangalie orodha zetu, tukianza na zile za karibu: kamati ya kambi, kamati ya maji, kamati ya wazazi shuleni, baraza la amani. Davies na Garrett walianzia hapo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika kamati zetu, wanawake ni wangapi? Ni wangapi kati yao wanaoshika nafasi ya kuamua?
2. Ni nani anayeandika orodha za kambi yetu, na ni nani huachwa nje: wajane, wasichana, walemavu, waliofika karibuni?
3. Mama anapotaka kusema mkutanoni, "wavu" wetu ni upi: saa ya mkutano, lugha, woga au dharau?
4. Ni jambo gani moja tunaloweza kuliomba kwa maandishi na sahihi zetu mwezi huu, na tulipeleke kwa nani?