Mtoto atabaki na nani?

Butembo, saa kumi na moja ya asubuhi. Mumbere amekwisha amka. Anavuta kikwembe changu na kusema neno lake moja analolijua vizuri: "Hapana." Nikimvalisha suruali, hapana. Nikimletea uji, hapana. Nikishika sakoshi ya kazi, hapo analia kweli. Yuko na miaka miwili na miezi miwili. Mimi niko na miaka 43, na huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza.

Kwetu Wanande jina peke yake linasema: Mumbere ni mtoto mwanaume wa kwanza. Miaka mingi wenzangu waliitwa Mama Fulani, mimi nikabaki "dada wa sendika". Nilifikiri mtu aliyezoea kubishana na wenye mashimo ya dhahabu hawezi kushindwa na mtoto. Nilijidanganya. Jirani yangu, ambaye ningeweza kumzaa, ndiye mwalimu wangu. Yeye yuko na watoto watatu. Siku moja aliniona nikipigana na kijiko, akacheka: "Mama Mumbere, usimuulize kama anataka kula. Muulize tu anataka kikombe gani." Tangu siku ile uji unaisha.

Lakini shida kubwa si uji. Shida ni swali la kila asubuhi: mtoto atabaki na nani?

Alipokuwa na miezi kumi na minne, mama yangu aligonjwa, na mimi nilikuwa na mkutano kwenye kambi moja ya dhahabu, katika teritware ya Lubero. Nikamfunga mgongoni, nikapanda moto. Kule wamama walikuwa wanatwanga mawe, vumbi jeupe hata kwenye kope. Nikamweka chini kidogo ili niandike majina. Nilipogeuka, alikuwa amefika kwenye beseni ambamo mtu ametoka kukamua dhahabu na zebaki. Mkono tayari ndani. Mama mmoja aliruka, akamshika kabla hajautia mdomoni.

Zebaki inakamata dhahabu vizuri, ndiyo sababu wachimbaji wanaipenda. Lakini ikichomwa inageuka moshi, na moshi ule ukivutwa unaharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Mtoto mdogo ndiye anaumizwa zaidi, juu ubongo wake ungali unakua. Nilikuwa nimefundisha maneno hayo kwenye mikutano mingi. Siku ile niliinua macho, nikahesabu: kandokando ya beseni zile kulikuwa watoto kumi na mmoja. Wote walikuja na mama zao. Na mimi, miaka yote hiyo nikizungumza juu ya bei, juu ya kodi, juu ya mashimo yanayobomoka, sikuwa nimeuliza hata mara moja juu yao.

Sheria tunayo. Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mama mfanyakazi juma 14 za mapumziko ya uzazi, na akinyonyesha, mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Ni sheria nzuri. Lakini mama anayetwanga mawe hana kontra, hana patroni wa kumdai nusu saa ile. Analipwa kadiri ya mawe aliyotwanga. Akikaa kunyonyesha, pesa inakaa pia.

Zamani jibu lilikuwa rahisi: mtoto anabaki na nyanya yake. Lakini tangu mauaji yaanze upande wa Beni, Oktoba 2014, familia ngapi zimetawanyika? Mama amekimbilia Butembo ao kambini, nyanya amebaki njiani, ao amekufa. Hakuna wa kuachiwa mtoto. Ndiyo maana anapelekwa kwenye vumbi.

Watu wengine wananiambia: krechi ni mambo ya Ulaya. Nawakumbusha Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, umeua watu 2 287. Mama akiingia kwenye kituo cha matibabu, mtoto wake mchanga aliachwa bila mtu, na majirani waliogopa kumgusa. Basi Beni na hapa Butembo zikafunguliwa krechi karibu na vituo vya matibabu, kwa msaada wa UNICEF. Waliowabeba watoto wale walikuwa watu waliopona Ebola, juu miili yao ilikuwa na kinga. Waliwalisha, waliwabembeleza, waliwachunguza siku 21. Hawakutoka Ulaya. Walikuwa watu wetu, na wengi wao walikuwa wangali na kilio nyumbani.

Kama tuliweza wakati wa kifo, tunashindwa nini wakati wa kazi? Krechi ya kambini haidai jengo la matofali. Inadai turubai, mkeka, maji na sabuni, mahali mbali na beseni na moto wa zebaki, na wamama wawili wanaolipwa. Tumeleta shauri hilo kwenye mkutano wetu: kila mtwangaji atoe kidogo siku ya posho, wenye mashimo watoe turubai na maji. Mmoja wao alijibu kwamba watoto ni mambo ya wamama. Nikamuuliza: "Papa, mawe yako nani anayatwanga?" Alinyamaza. Turubai hajatoa bado, na mimi sijachoka kumuuliza.

Mumbere leo amebaki kwa jirani. Yeye yuko na bahati, juu mama yake ana jirani. Wale kumi na mmoja hawana. Wewe unayesoma, kama uko na shimo, ao ndugu yako ana shimo, siku utakayofika kule usihesabu mifuko tu. Hesabu na watoto.